Chapati, Shikamoo na Machungwa: Mwongozo wa Kuanzisha Genge la Hesabu la Wasichana

Mahitaji ni haya: wasichana watano au sita, jamvi moja, chapati za kutosha, kisu, chaki, mfuko wa visoda, kalenda za ukutani za miaka iliyopita, na mtu mzima mmoja anayeweza kufunga mdomo. Vyote vinapatikana Tanga, vyote vinapatikana Kisumu, na vingi havigharimu kitu. Hicho cha mwisho ndicho adimu, kwa hiyo kitafute kabla hujanunua unga.

Nitaeleza kila kimoja, lakini kwanza niseme kwa nini naitaka Jumamosi yako. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, Hisabati ndiyo somo linaloangusha watahiniwa wengi kuliko yote katika mtihani wa kidato cha nne, na wasichana wameanguka zaidi ya kaka zao. Mimi siamini hata chembe kwamba ni suala la akili. Darasa lina watoto themanini, mwalimu mmoja, ubao mmoja. Binti aliyekosea mara moja mbele ya wote, akachekwa, hanyooshi tena mkono mpaka anamaliza shule. Akifika sekondari masomo yanageuka Kiingereza, na sasa ana mambo mawili ya kuyaogopa. Klabu ndogo haitajenga madarasa wala kuajiri walimu. Itampa binti mahali ambapo kukosea ni bure, na ambapo anaweza kubishana kwa Kiswahili mpaka sauti imkauke. Nimeona hilo peke yake likimgeuza mtoto.

Watano au sita, basi. Wakiwa watatu, mmoja akitumwa sokoni klabu imekufa. Wakiwa kumi, watatu watasema na saba watasikiliza, na hayo darasani wanayapata kila siku. Usiwachague kwa alama. Anayeshika namba moja karibu sana, lakini hasa mtafute mbishi, yule ambaye mama yake amechoka kumwambia "wewe mtoto unajibujibu". Huyo mchukue haraka kabla hajafundishwa kunyamaza. Mtafute na mkimya mmoja, maana wakimya mara nyingi wana jibu tangu mwanzo na wanasubiri kuulizwa. Chukua marafiki wawili wa kufa na kuzikana; mmoja akija, mwenzake atakuja. Na lazima awepo binti ambaye kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe, ameshakubali kwamba hesabu haziwezi. Umri wowote kati ya darasa la tano na kidato cha pili unafaa, na wakichanganyika ni bora zaidi. Faida yake utaiona tukifika kwenye shikamoo.

Wavulana watachungulia. Wape chapati kwa moyo mkunjufu na uwasaidie kuanzisha genge lao. Sina ugomvi nao, ila nimeona mara nyingi mno: mvulana mmoja akikaa kwenye jamvi, ndani ya robo saa chaki iko mkononi mwake, na wasichana ndio waliompa.

Sasa muda, na hapa ndipo klabu nyingi zinapofia kabla hazijazaliwa. Mtoto wa kike hana Jumamosi. Asubuhi kuna nguo za kufua, kuna maji, kuna sufuria za jana, kuna mdogo wake wa kubebwa. Kwenye miji yetu ya pwani kuna chuo cha Qur'ani pia, na kila ustadhi ana ratiba yake. Kwa hiyo usitangaze saa halafu ukalaumu wasiofika. Pita nyumba kwa nyumba, uliza kila mama binti anamaliza kazi saa ngapi, ndipo uchague. Kwetu imekuwa saa tisa na nusu alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu, ili kila mtoto awe kwao kabla ya magharibi. Anayelea mdogo wake aje naye. Mdogo huyo apewe kipande cha chapati na nafasi ya kulala kwenye jamvi. Ni mwanachama wa miaka ijayo.

Ukienda kuomba ruhusa usianze na hotuba ya elimu ya mtoto wa kike. Mama ameisikia redioni. Mwamkie, kaa, umweleze wazi watakuwa wangapi, wapi, na nani, mpaka saa ngapi. Mkutano uwe barazani au uani, mlango wazi, mahali ambapo mzazi yeyote akipita anaona. Atakuuliza, "Ni tuisheni? Bei gani?" Mjibu, "Si tuisheni, dada, ni bure. Wanacheza hesabu." Atakutazama. "Wanacheza?" "Wanacheza." "Haya, na wewe unapata nini?" Hapo mwambie ukweli, kwamba unapenda kuwaona wakifikiri, kisha mwalike aje mwenyewe. Mama mmoja wa kwetu, muuza mihogo ya kukaanga, alikuja kukagua, akakaa, na tangu siku hiyo hakuna anayemshinda kugawanya kwa kichwa.

Jina wajipe wenyewe, ila neno hesabu libaki humo. Wapo wanaoshauri uliite kundi la michezo ili watoto wasiogope. Sikubaliani nao. Binti akijua tangu mwanzo kwamba hizi ni hesabu, furaha yote anayoipata anaiandika kwenye daftari la hesabu, na ndiko tunakotaka ikae.

Siku ya kwanza usiseme lolote juu ya faida za hesabu maishani. Weka chapati moja kwenye sinia, katikati ya jamvi, na kisu pembeni. Uliza hivi: kwa mikato mitatu iliyonyooka, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kukunja chapati wala kuhamisha vipande, tunaweza kupata vipande vingapi kwa wingi? Watasema sita, wote, kwa sauti moja, kwa sababu ndivyo chapati inavyokatwa nyumbani, kila mkato ukipita katikati. Wape kisu. Watakata, watahesabu: sita. Nyamaza. Usikohoe hata kidogo. Sogeza chapati ya pili.

Kwetu aliyeivunja sita alikuwa yule wa hesabu haziwezi. Mkato wake wa tatu ulikwenda upande, haukupita katikati, na wenzake wakaanza kucheka kwamba kashindwa hata kukata. Akahesabu kwa kidole: saba. Akahesabu tena, akigusa kile kipembetatu kilichobaki katikati, kidogo kama sambusa ya kuonjea. Mbishi akaruka: "Haihesabiki! Vipande havilingani!" Mkimya, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu alipofika, akasema, "Nani kasema vilingane?" Kelele zilizofuata zilimtoa jirani ndani kuja kuuliza kama kuna usalama.

Kisha chapati zinaliwa na kazi inahamia kwenye karatasi. Mkato mmoja unatoa vipande 2, miwili 4, mitatu 7. Minne je? Watachora na kufuta, watapata 9, watapata 10, mmoja atapata 11 na wengine watamtaka athibitishe kwa kuandika namba ndani ya kila kipande. Usiwape kanuni. Kanuni wataikuta shuleni. Unachokisubiri ni mtu aseme kwa nini, na inaweza kuchukua Jumamosi nzima na ikadai nyingine. Siku moja binti atafuata mstari wake wa nne kwa kidole na kuona kwamba unavuka mistari mitatu ya zamani, kwa hiyo unapita ndani ya vipande vinne, na kila kinachopitiwa kinakuwa viwili. Vinne vinaongezeka! Wa tano utaongeza vitano, jumla 16. Kufikia mikato kumi watakuwa wanakupa jibu, 56, bila unga wala kisu.

Wewe mtu mzima una neno moja tu la kazi: "Umejuaje?" Uliza hivyo kwa jibu baya, na uulize hivyohivyo, kwa sura ileile, kwa jibu zuri. Ukiliuliza kwenye makosa pekee, watoto watajifunza upesi kwamba swali lako maana yake umekosea, na watakuwa wanabadilisha jibu badala ya kulitetea. Mtu mzima akiropoka jibu, chapati yake inataifishwa. Hiyo ni sheria ya kwanza ya genge na haina rufaa. Sheria ya pili: anayesema "mimi hesabu siziwezi" anatoa kisoda kimoja cha faini kwenye kopo, na mtu mzima akisema hivyo anatoa kumi, maana maneno hayo yakitoka kinywani mwa shangazi yanamwingia mtoto zaidi. Sheria ya tatu inahusu Kosa la Jumamosi. Kila wiki genge linapiga kura kuchagua kosa lililofundisha kuliko yote, na mwenye kosa anapata kipande cha mwisho. Utashangaa wanavyoyagombania.

Kalenda za zamani nimezitaja kwa sababu. Upande wa nyuma ni mweupe, mpana, na bure, na karatasi kubwa sakafuni inafanya kitu ambacho daftari haliwezi: watoto watano wanaichorea kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwenye kona yake, na hakuna anayeficha kwa mkono. Mwanahisabati Maryam Mirzakhani wa Iran alifanya kazi hivyo. Alitandaza karatasi kubwa chini akachora na kuchora, mpaka binti yake mdogo akadhani mama ni mchoraji wa picha. Mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kupewa medali ya Fields, tuzo ya juu kabisa ya hisabati, ambayo ilianza kutolewa 1936. Wasimulie wasichana wako na sehemu ya mwanzo ya habari hiyo. Alipoingia shule ya kati mjini Tehran, hisabati hazikumwendea vizuri na mwalimu hakuona kipaji chochote. Alichokuwa nacho ni rafiki, Roya Beheshti, aliyekuwa akipita naye maduka ya vitabu. Wawili hao walipopata karatasi ya maswali ya mchujo wa olimpiadi ya kompyuta walikaa nayo siku kadhaa wakafanikiwa machache, kisha wakamwendea mkuu wa shule kuomba wapatiwe mafunzo ya kutatua maswali ya hisabati kama shule za wavulana. Mkuu akawapigania. Mwaka 1995 Mirzakhani alipata alama zote 42 kati ya 42 kwenye olimpiadi ya kimataifa ya hisabati. Beheshti leo ni profesa wa hisabati Marekani. Lile lilikuwa genge la watu wawili.

Wakishamaliza chapati, wape shikamoo. Watu sita wa umri tofauti wanakutana, na kila mdogo anamwamkia kila aliyemzidi. Shikamoo ngapi zitasikika? Hii ichezeni kwa miili. Wapange kwa umri, bibi wa nyumba awe kichwani mwa mstari akitaka, na wafanye kweli: shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mpaka wachoke kucheka. Mdogo kabisa anatoa tano na hapokei hata moja. Bibi anapokea tano na hatoi. Katikati kuna anayetoa tatu na kupokea mbili. Jumla 15. Kisha waulize ya watu ishirini kwenye shughuli, na uwaache wagundue kwamba hakuna haja ya kualika watu ishirini: 19 na 18 na 17, kushuka mpaka 1, ni 190.

Sasa waandike orodha mbili kwenye karatasi moja, ya chapati juu na ya shikamoo chini. Vipande: 2, 4, 7, 11, 16. Shikamoo za watu wawili, watatu, wanne, watano, sita: 1, 3, 6, 10, 15. Toka nje ukaangalie chai. Usirudi upesi. Utasikia yowe.

Yowe hilo ndilo sababu yangu ya kuandika haya yote. Binti ameona kwamba kisu na salamu, vitu visivyojuana kabisa, vinaendeshwa na orodha moja, na hakuna aliyemwambia. Baada ya hapo huna haja ya kumhimiza apende hesabu.

Ukiwa na nauli kidogo, au ukiwa karibu na soko, endeleza orodha hiyohiyo. Kwenye soko la Mgandini, Tanga, machungwa ya Muheza yanauzwa kwa mafungu: matatu chini, moja juu. Nunua mafungu matano, machungwa 20, uwaambie wasichana wajenge mnara mmoja wa kitako cha pembetatu usiobakiza hata moja. Tabaka la juu 1, la pili 3, la tatu 6, la chini 10. Zile shikamoo tena! Waulize kama kuna namna nyingine ya kuyapanga yakabanana zaidi ya hapo. Mjerumani Johannes Kepler aliandika mwaka 1611 kwamba haipo, ila hakuweza kuthibitisha, na uthibitisho ulimngoja Mmarekani Thomas Hales mwaka 1998, kwa msaada wa kompyuta. Karibu miaka 400 dunia iliijua namna bora ya kupanga machungwa, kila muuzaji akiifanya kwa mikono yake, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwa nini. Kisha mwaka 2016 Maryna Viazovska wa Ukraine akatatua swali hilohilo katika dimensheni nane, mahali ambapo jicho halifiki lakini hesabu zinafika. Mwaka 2022 akawa mwanamke wa pili kupata medali ya Fields. Machungwa yaliwe baada ya mazungumzo haya, na maganda yakusanywe na waliochelewa.

Ukitaka mfano wa nyumbani upo. Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, alisoma sekondari ya Jangwani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda Berlin, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu ya hisabati. Fani yake ni mwendo wa vimiminika, namna maji na hewa vinavyokwenda. Siku utakayomtaja, waambie waimimine chai polepole waitazame.

Michezo mingine haitakupungukia. Saa yetu ni hazina: sasa ni saa nne asubuhi, baada ya saa 100 itakuwa saa ngapi? (Saa nane mchana. Usiwaambie.) Kuna ule mchezo wa chaki usioinuliwa. Chora mstatili, ukatize mistari miwili kutoka kona hadi kona, bila kuinua chaki wala kupita mstari mara mbili: haiwezekani. Ongeza paa la pembetatu juu yake na inawezekana, mradi uanzie kona ya chini. Mwanahisabati Leonhard Euler aliliona jambo hilo mwaka 1736 kwa kuhesabu njia zinazokutana kila kona, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuliona vilevile. Na lipo bao. Mashimo 32, kete 64, na wazee wanaoweza kuona kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hawajanyanyua ya kwanza. Baraza la bao limekuwa la wanaume muda mrefu mno. Mwombe babu mmoja mwenye subira awafundishe mabinti; watu wazima wa mtaa wangu walilipokea vizuri kuliko nilivyotarajia, na wawili kati yao sasa wanakuja na ubao wao.

Klabu huuawa na mambo machache, na yote huja na nia njema. Mtu atashauri muwe na mtihani mdogo ili kupima maendeleo. Mkatalie. Mtu ataleta zawadi ya mshindi, na kuanzia siku hiyo wanne watakuwa wameshindwa. Mzazi ataomba uwasaidie na kazi za shule kwa dakika kumi, na dakika kumi zitameza Jumamosi. Mwalimu atafurahi sana na kutaka kukuletea darasa zima. Mshukuru, mwalike akae jamvini mara kadhaa, kisha msaidie aanzishe genge lake na wengine watano. Magenge kumi ya watano yanazidi klabu moja ya hamsini, kwa sababu kwenye kila moja hakuna pa kujificha na hakuna anayemwogopa mwenziwe.

Na wewe binti unayesoma haya na mtaani kwenu hakuna kitu cha namna hiyo, usisubiri mtu mzima akuanzishie. Mtafute mwenzako mmoja. Muulizeni shangazi, dada aliye chuo, fundi cherehani anayekata vitenge bila kupoteza hata shubiri, kama mnaweza kukaa barazani kwake Jumamosi. Ukijiunga na kundi ambalo limeshaanza, siku ya kwanza hutaelewa nusu ya wanayobishania. Uliza. Kwenye genge zuri, swali la mgeni ndilo linalojibiwa kwanza.

Wewe mtu mzima, nawe sikusahau. Huhitaji shahada, huhitaji ufadhili, huhitaji ofisi. Jumamosi hii, kabla ya alasiri, kamwamkie jirani mwenye binti, umwombe akuachie mtoto kwa saa mbili.